Safu ya Watumishi

Jumanne moja baada ya chakula cha mchana, Bi Ratiba alifuta makombo mezani, akaweka kompyuta mahali palipokuwa na sahani, akavaa miwani na kuandika namba mbili kwenye kisanduku cha wavulana wasiotimiza miaka kumi na sita. Kisha akaenda jikoni kubandika birika. Aliporudi alikuta wavulana wawili wamekaa kwenye ngazi ya mlango wa mbele, wakigombania upande wenye kivuli. Aliwaambia wakung'ute miguu kabla ya kuingia, nao wakakung'uta.

Jina la Bi Ratiba alipewa na wenzake wa shirika la reli, ambako alifanya kazi maisha yake yote akipanga saa za treni kufika na kuondoka. Alipostaafu, watu walidhani atalima bustani. Yeye akaanza kutafuta ukoo. Ofisi ya kumbukumbu ilimpa nakala za sensa tatu za zamani za mtaa alikozaliwa mama yake, na yeyote aliyewahi kuzishika sensa za aina hiyo anaujua ubahili wake. Karani aliandika jina la mkuu wa kaya tu, majina yote matatu, kwa mwandiko wa kupendeza. Wengine wote waliokuwa wakila na kulala katika nyumba ile walikuwa vijistari: wanaume wa umri huu, wanawake wa umri ule. Kazi ya mtafutaji ni kuvihesabu vijistari hivyo, kuvihamishia kwenye jedwali la kompyuta, sensa moja chini ya nyingine, halafu kuvitazama vikizeeka.

Bi Ratiba alivichukulia kama treni. Kijistari kilichoondoka sensa ya kwanza kikiwa mtoto sharti kifike sensa ya pili kikiwa kijana. Kisipofika, basi kimekufa, au kimeoa, au kimehama, na lazima ijulikane ni lipi. Na kilichofika sharti kiwe kimetoka mahali. Kwa njia hiyo aliwahi kugundua mabehewa yaliyoibwa, na hakuona sababu ya ukoo kumshinda.

Kazi yenyewe aliombwa na kaka yake, mpima ardhi, aliyetaka mti wa ukoo wa kutundika sebuleni kwake na kijitabu cha wajukuu chenye karatasi za kung'aa. Lakini aliyekuwa akiisubiri kwa hamu ni mama yao, aliyelala chumba cha pili, miguu imemwisha nguvu ila akili timamu.

"Mti mpe kaka yako," Mama alimwambia. "Mimi nitafutie mtu mmoja tu. Nani alinizaa."

Swali hilo alikuwa nalo tangu utotoni. Alilelewa na mke wa baba yake, mwanamke aliyeitwa Bi Mkubwa na kila mtu, ambaye alimlisha, akamvika, hakumpiga hata kofi, na hakumpakata hata siku moja. Alipouliza ametoka wapi, alijibiwa, "Utoke wapi tena, si humu humu?" Sasa alikuwa na miaka themanini na minne na hakutaka kufa na jibu hilo.

Wa sensa walikuja kadiri walivyoandikwa. Mzee, baba yake Mama na mkuu wa kaya, alifika akiwa na kofia na fimbo na kukalia kiti kikubwa bila kuambiwa karibu, maana yeye peke yake ndiye aliyekuja na jina. Bi Mkubwa, kijistari katika safu ya wanawake waliopita arobaini na mitano, alikaa karibu na dirisha na kuomba kitu cha kushona. Hawakuwa na matata. Chai walikunywa, chakula walidokoa, na usiku hawakuhitaji matandiko. Jirani aliyekuja kuazima ngazi aliwasalimia wote kwa zamu.

"Leo mna wageni," alisema.

"Ni watu wa Mama."

"Ehee. Ngazi nitairudisha Jumamosi."

Bi Ratiba alipofika sensa ya pili aliandika namba moja kwenye kisanduku cha wasichana wasiotimiza miaka mitano. Akaingia mtoto pekupeku, kamasi zinamtoka, akapita sebuleni asimtazame Mzee wala Bi Mkubwa, akaenda moja kwa moja kitandani kwa Mama. Mama alimtazama kwa muda mrefu.

"Kumbe nilikuwa na kitumbo hivi," alisema.

Tangu siku hiyo mtoto alilala miguuni pa Mama, na Mama akawa anamfuta kamasi, jambo ambalo alisema halikufanywa vya kutosha mara ya kwanza.

Sasa ikabaki hesabu ya treni. Mtoto amefika sensa ya pili, ametoka wapi? Bi Mkubwa alikuwa amepita arobaini na mitano tangu sensa ya kwanza, na baina ya sensa na sensa ilipita miaka kumi. Hakuna mwanamke mwingine katika safu zilizoonekana. Bi Ratiba alimwuliza Bi Mkubwa. Bi Mkubwa akakata uzi kwa meno. "Niulize mambo ya jiko," alisema. "Hayo muulize mwenye nyumba." Mwenye nyumba alisema anasikiliza redio.

Hapo ndipo Bi Ratiba alipokumbuka safu alizozificha. Pembeni kabisa mwa kila ukurasa wa sensa palikuwa na safu za watumishi. Siku ya kwanza alizinakili, kwa sababu kunakili ni kunakili, kisha akazificha ili jedwali lienee kwenye kioo cha kompyuta. Watafuta ukoo wote hufanya hivyo. Kaka naye alikuwa amemwambia, "Hao waache, si wetu." Akazifunua. Sensa ya kwanza, sifuri. Sensa ya pili, mwanamke mmoja, kati ya miaka kumi na sita na ishirini na mitano. Sensa ya tatu, sifuri.

Alikwenda stoo kuchukua sukari. Nyuma ya mlango alisimama msichana wa miaka kama kumi na tisa, amejifunga kitambaa kichwani, mikono ameikunja tumboni. Msichana akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," alijibu Bi Ratiba. "Umesimama hapa tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kuandika."

"Mbona hukutoka?"

"Sikuitwa."

Bi Ratiba alichukua kopo la sukari. Alimwambia aje jikoni. Msichana alikuja, akaona vyombo vya mchana kwenye karai, akaviosha. Alikuwa akisuuza kikombe cha mwisho wakati mtoto aliposikia maji, akashuka kitandani, akakimbia ukumbini huku akijigonga kwenye viti, akamshika msichana nguo kwa nyuma. Msichana, bila kugeuka, aliinama kidogo, akamrusha mgongoni na kuendelea kusuuza. Hakuna aliyewafundisha. Mtoto aliweka shavu lake katikati ya mabega ya msichana na kufumba macho.

Bi Ratiba alisimama ameshika kopo la sukari. Alikuwa na miaka sitini na mbili, bibi yake alikuwa na miaka kumi na tisa, na yeye alikuwa amemwitikia marahaba. Aliona haya hadi masikio yakamwaka moto.

"Shikamoo, Bibi," alisema.

Msichana aligeuka kutazama nyuma yake, aone ni nani anayesalimiwa.

Mama aliomba aletewe. Msichana alisimama kizingitini mpaka akaambiwa aingie, akaingia, akaambiwa akae, akachuchumaa sakafuni. Mama alinyoosha mkono, akampapasa paji la uso, masikio, shingo, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Alilia kwa utulivu, na msichana akamfuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake, kwa kuwa hiyo pia ilikuwa kazi.

"Ulikwenda wapi?" Mama aliuliza.

"Nilitumwa. Nilipewa kikapu nikipeleke nyumba moja mbali, nirudi jioni. Nilipofika nikaambiwa kazi yangu ni hapo sasa. Sikukuaga kwa sababu nilijua narudi. Nilikuachia uji umefunikwa."

"Kwa nini walikutuma?"

Bi Mkubwa ndiye aliyejibu kutoka sebuleni, sindano mkononi, sauti yake haina ubaya wala wema. "Mtoto alianza kumwita mama mbele za wageni."

Mzee aliongeza sauti ya redio.

"Jina lako nani?" Mama aliuliza. "Niambie jina lako tu, nilijue."

"Nyumbani kwa Mzee niliitwa Wewe," alisema msichana. "Kabla ya hapo nilikuwa nalo. Lilikuwa fupi. Lakini jina lisipoitwa miaka yote hiyo, hata mwenyewe hulisikii. Likitajwa nitalijua."

Siku iliyofuata Bi Ratiba alifungua safu mpya, akaipa kichwa cha Mama Mzazi, akaitoa namba moja kwenye safu ya watumishi na kuiweka hapo. Jikoni, msichana aliyekuwa akikwangua sufuria aliiacha majini, akakausha mikono, akaingia chumbani na kukaa kitandani, ubavuni kwa Mama, bila kuambiwa na mtu. Walicheka pamoja. Alikuwa akisimulia jinsi mtoto alivyozaliwa mvua ikinyesha na paa likivuja, na yeye akihamisha beseni huku uchungu umemshika, na alipofika mahali mtoto anapotoa kichwa, alinyamaza ghafla, akasimama na kwenda kutafuta ufagio. Kaka, huko kwake, alikuwa amefungua jedwali lile lile, walilokuwa wakishirikiana mtandaoni, na kuirudisha namba mahali pake.

Bi Ratiba alimpigia simu.

"Mdogo wangu, uliharibu jedwali," alisema Kaka. "Nimelitengeneza."

"Nililisahihisha. Huyo ndiye aliyemzaa Mama."

"Una ushahidi gani?"

"Yuko jikoni kwangu."

"Hata mimi nilimwona asubuhi, nilipoleta dawa. Ana heshima, tena ni mchapakazi. Sisemi hayupo. Nasema haandikwi."

"Kaka, Mama ana siku chache."

"Ndiyo maana. Mama akiwa mtoto wa mtumishi, Mzee anakuwa nani? Na sisi je? Mti una shina moja. Haya mambo hayaamuliwi kwa simu. Tutakaa kikao."

Kikao hakikukaa. Kaka alikuwa na viwanja vya kupima, halafu mafua, halafu harusi ya rafiki. Bi Ratiba aliihamisha namba asubuhi, Kaka akairudisha mchana, na msichana akawa anakaa na kuinuka, anakaa na kuinuka, kama mtu aliye kwenye foleni asiyejua kama foleni inasogea. Mwishowe Kaka alilifunga jedwali kwa neno la siri, lisomwe tu, lisiharibike, alisema. Likafungwa namba ikiwa kwenye safu ya watumishi.

Kilichobaki ni jina. Katika sensa zile mwanamke pekee aliyeandikwa jina kamili, kama mwanamume, ni mjane aliyeongoza kaya yake. Bi Ratiba alizipitia kurasa za wilaya nzima, akakusanya majina ya wajane, akayapanga kwa alfabeti kwenye jedwali jingine ambalo Kaka hakulijua, akayachapa kwa herufi kubwa. Kila alasiri Mama alivaa miwani na kuyasoma moja moja. Msichana alichuchumaa sakafuni, mtoto mapajani, akisikiliza kwa makini kama anayeagizwa dukani.

"Zuri," alikuwa akisema. "Lakini si langu."

"Na hili?"

"Hilo la jirani. Alikuwa mkali."

"Hili je?"

"Hilo lilikuwa la mbuzi wetu."

Mama alicheka mpaka akakohoa. Ilikuwa furaha yake, na ilikuwa inamuumiza pia, maana sauti yake ilianza kupungua na karatasi zilikuwa nyingi. Alianza kwa kusoma ukurasa mzima, kisha nusu, kisha majina machache. Bi Ratiba alijitolea kumsaidia, akakataliwa.

"Jina la mama yangu nitalitaja mwenyewe."

Walipofika herufi ya M, ambayo ina majina mengi kuliko zote, Mama alimshika binti yake mkono. "Hata nisipolipata," alisema, "siku yangu ikifika, udongo wa kwanza atupe yeye. Mzazi huanza. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mama."

"Usiniambie umenisikia kama wale wa ofisini kwenu."

"Nitamwambia Kaka," alisema Bi Ratiba, na hata yeye mwenyewe aliona kwamba hilo halikuwa jibu.

Alhamisi asubuhi alimkuta msichana akizunguka uani. Alitazama nyuma ya pipa la maji, chini ya ngazi aliyoirudisha jirani, akaingia ndani na kuinama uvunguni mwa kitanda. "Simwoni mtoto," alisema. "Nimeamka hayupo." Kwenye jedwali namba moja ya mtoto ilikuwa mahali pake. Kitandani Mama alikuwa amelala ubavu, miwani usoni, kidole kwenye karatasi, katikati ya herufi ya M. Bi Ratiba alimvua miwani. Msichana alitazama kitanda, akamtazama Bi Ratiba, akaacha kutafuta. Alikwenda kuchemsha maji ya kuoshea, kwa sababu alijua yatahitajika.

Kaka alishughulikia mambo yote, na haki yake apewe, aliyashughulikia vizuri. Jeneza lilikuwa la mbao nzuri, viti vilitosha, turubai halikuvuja. Wasifu wa marehemu aliuandika kutoka kwenye jedwali na kuuchapa kwenye karatasi za kung'aa. Bi Ratiba alimvuta pembeni, karibu na gari, na kumweleza neno la Mama.

"Leo si siku yake," alisema Kaka. Macho yake yalikuwa mekundu. Naye alikuwa amefiwa. "Nakuomba sana. Tumzike Mama kwa heshima, halafu tutakaa kikao."

"Udongo, Kaka. Udongo tu."

"Watu wamejaa, watauliza yule ni nani. Nitawajibu nini? Hata jina hana."

Kabla Bi Ratiba hajajibu, Kaka alikuwa ameitwa kuwapokea wageni.

Wa sensa walikuja makaburini kwa miguu yao. Wavulana wawili walivaa mashati yaliyochomekewa. Mzee na Bi Mkubwa waliwekewa viti mstari wa mbele, na waombolezaji wakapita kuwapa mkono wa pole kwa kufiwa na binti. Msichana alikuja nyuma yao. Alikuwa amebadilisha kitambaa cha kichwa, amevaa kisafi. Alikuwa akielekea mbele, polepole, akipenya kati ya mabega ya watu, na pengine angefika. Mke wa Kaka, aliyekuwa akihangaika na chai ya wageni, alimwona mikono mitupu.

"Wewe, nishikie hapa," alisema, akampa sinia la vikombe vya chai, akaenda kutafuta chupa nyingine.

Msichana alisimama na sinia mahali aliposimamishwa. Kasisi alisoma, watu wakaitikia. Ulisomwa wasifu: marehemu alikuwa mtoto wa mwisho wa Mzee na Bi Mkubwa, alilelewa kwa upendo, ameacha watoto, wajukuu na vitukuu. Hakuna aliyenung'unika. Jeneza likateremshwa.

"Mzazi aanze," alisema kasisi.

Bi Mkubwa aliinuka. Alitazama nyuma, juu ya vichwa vya watu, mpaka kwenye sinia, akasubiri kidogo. Kisha, kwa kuwa ndiye aliyeandikwa, aliinama, akachota udongo na kuutupa. Alirudi kukaa na kujifuta vidole kimoja kimoja.

Bi Ratiba alikuwa amekwisha kugeuka. Alisukuma watu wawili, akaomba radhi, akafika mbele ya msichana. Alikuwa amenyoosha mikono kulipokea sinia aliposikia Kaka akiita, "Binti mkubwa wa marehemu! Binti mkubwa yuko wapi?" na watu wote wakageuka kumtazama, na mtu akamshika kiwiko kwa huruma kumwongoza, akidhani mfiwa amepotea njia. Akaongozwa. Alitupa udongo wake. Baada yake wakaja wajukuu, baada yao vijana wenye makoleo, na makoleo hufanya kazi upesi kuliko watu wanavyotaka.

Watu walipoanza kutawanyika, Bi Ratiba alirudi. Msichana alikuwa bado pale pale. Nyasi zilikuwa zimekanyagwa pande zote, isipokuwa duara dogo alimosimama. Hakumwaga hata tone. Nyuma ya bega la Bi Ratiba aliweza kuona kilima cha udongo mbichi na mashada ya maua, na alikitazama, uso umelowa kwa machozi ambayo hakuwa na mkono wa kuyafutia.

"Mama," alimwuliza mjukuu wake, "hivi vikombe niviweke wapi?"